Jarida la Siku Tatu Halikupi Uhadhiri

Kila nafasi za uhadhiri wa sayansi ya kompyuta zinapotangazwa, iwe Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor au Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, vijana wetu wa mtaa wa Ndia Kuu, Mombasa, huja na swali lile lile: “Mwalimu, jarida gani huchapisha haraka?” Nimewajibu mmoja mmoja hadi nimechoka. Sasa nawajibu nyote pamoja: swali hilo ni baya, na anayekuuzia jibu lake anakuibia.

Najua linakotoka. Vigezo vya mwaka 2014 vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) vilipima machapisho kwa alama, na makala ya jarida iliyopitiwa na wataalamu ilipewa uzito kuliko ya kongamano. Mtu akisikia alama, anatafuta pa kuzinunua. Wauzaji wapo. Wanakuandikia barua pepe wakikuita “Profesa Mheshimiwa” na uzamili wenyewe hujaumaliza. Jarida lao ni “la kimataifa”, na toleo moja lina mitandao ya kompyuta, matibabu ya meno na ufugaji wa kuku. Wanakuahidi kuipitia makala yako kwa siku tatu, mradi ada imelipwa.

Siku tatu! Kupitiwa maana yake ni wataalamu wawili watatu wa fani yako, ambao nao wana madarasa ya kufundisha, wamekaa na kazi yako, wameichambua data yako, wamekuuliza kwa nini hukuilinganisha mbinu yako na za wengine, kisha wakakurudishia urekebishe. Hilo huchukua miezi. Anayekujibu kwa siku tatu hakusoma kitu.

Ushahidi umejaa, na mwingi umetoka katika fani yetu wenyewe. Mwaka 2005 wanafunzi watatu wa MIT, Marekani, walitengeneza SCIgen, programu inayounga istilahi za kompyuta zikawa makala isiyo na maana yoyote. Kongamano moja likapokea mojawapo ya makala zake. Mwaka 2013 John Bohannon wa jarida la Science alituma makala ya kubuni, yenye makosa ya wazi, kwa majarida 304, akajifanya mtafiti wa taasisi za miji mikuu ya Afrika ambazo hazipo. Majarida 157 yalikubali. Mwaka 2014 jarida moja la teknolojia ya kompyuta lilikubali makala ambayo mwanzo hadi mwisho ni sentensi moja ya matusi iliyorudiwarudiwa. Mpitiaji aliisifu kuwa bora, kisha zikadaiwa dola 150.

Utaniambia jopo la usaili wa kazi halijui. Linajua. Nikiwa joponi huuliza swali moja: “Mpitiaji alikupinga wapi, nawe ulibadilisha nini?” Aliyepitia tanuri hilo hukunjua uso na kueleza: mpitiaji alimwambia sampuli ni ndogo, naye akarudi kukusanya data upya. Aliyenunua hutazama meza. Na hasara yake haiishii hapo. Kazi ikishachapishwa huko, jarida la maana halitaipokea tena, na ukitaka kuiondoa, wengine wanakudai pesa za kuiondoa. Utafiti wa miaka miwili, pengine mzuri kabisa, umeuzika kwa mkono wako. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko ada.

Kulipa peke yake si kosa. Majarida halali ya kusomwa bure mengine hutoza waandishi. Kosa ni kulipia usomaji usiofanyika.

Sasa ya kufanya. Kagua jarida kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya kusomwa bure. Mengi humo hayatozi mwandishi chochote. Kipimo cha athari (impact factor) hutolewa na Clarivate. Ukiona kingine chenye jina usilolijua, kimbia. Uhadhiri kamili kwa kawaida unadai uzamifu. Mwenye uzamili aliyejisajili kwa uzamifu aombe uhadhiri msaidizi. Uliyesoma India, Malaysia au Sudan, peleka vyeti CUE vitambuliwe mapema, usingoje tangazo. Tafiti lililo karibu nawe: Masakhane, mtandao wa watafiti wa lugha za Kiafrika, umeonyesha kwamba kazi ya kompyuta juu ya lugha zetu inachapishika kwenye makongamano makubwa, na Kiswahili cha Mvita bado kina uhaba wa data. Waombe wadhamini wako barua mapema. Soma tangazo mara mbili: idadi ya nakala, vyeti vya uadilifu, siku ya mwisho. Na makala yako ya kweli ikiwa bado iko kwa wapitiaji, iandike hivyo hivyo kwenye wasifu wako: “inapitiwa”. Makala moja ya namna hiyo, ukiweza kuitetea, naipa uzito kuliko kumi za kununua.