Mkate kwenye Friza, Amani Ndani ya Nyumba

Mpenzi msomaji, usicheke. Nimeshaona wanandoa wakinuniana siku mbili kwa sababu ya slesi nne za mkate! Huku kwetu Makuyuni, Korogwe, joto halina utani. Mkate wa Jumatatu, Alhamisi umeshaota ukungu. Baba anaona hela yake inatupwa, mama anaona anabaniwa. Maneno yanaanzia hapo.

Mimi na mume wangu ubishi huo tuliumaliza kwa friza. Mama mkwe aliguna, eti mkate wa barafu si chakula cha kumpa mume. Sikubishana naye. Nilimpashia slesi mbili, nikampa na chai ya tangawizi. Akaomba ya tatu.

Wengi wetu huuweka mkate kwenye friji ya kawaida. Kweli ukungu huchelewa, lakini mkate hukakamaa haraka kuliko ukiwa mezani, manake ubaridi ule huufanya wanga wa ngano ujipange upya na kuwa mgumu. Kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, kazi hiyo karibu yote husimama.

Fanya hivi, shoga yangu. Ugandishe siku ileile ya kununua, ungali laini. Kama haujakatwa, ukate slesi kwanza. Mfuko wake wenyewe unatosha. Toa hewa, funga vizuri, usije ukanuka samaki. Ule ndani ya mwezi mmoja, ladha ikiwa bado ipo. Asubuhi toa slesi za kula tu, weka kikaangoni bila mafuta, moto mdogo, geuza. Basi!

Umeme ukikatika, usifungue fungue mlango. Friza iliyojaa hushika ubaridi kama saa 48, ya nusu saa 24. Na mkate ulioota ukungu tupa wote, usikwangue. Mizizi yake imeshazama ndani usikoona.

Huna friza? Nunua mkate mdogo, uishe kesho yake.

Ila friza peke yake haitoshi, jamani. Kaeni chini mkubaliane: nani ananunua, mingapi, siku gani. Mkate uliotupwa utanunua mwingine. Kuitana bahili na mbadhirifu mbele ya watoto, hilo halina duka la kununua dawa yake.