Bidhaa Mpya: Tusonge au Tukome?

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Naomba radhi kwa wahenga, lakini katika biashara methali hii imefilisi wengi. Mtu akishatia pesa katika bidhaa mpya huona haya kurudi nyuma, hata akiona wazi kwamba maji yale yana mamba.

Msomaji mpendwa, hebu tutazame M-Pesa. Wengi wetu tunadhani ilizaliwa vile ilivyo. La hasha! Oktoba 2005, Safaricom na Vodafone walianza kuijaribu Nairobi na Thika, kwa wateja wasiofika 500 wa shirika la mikopo la Faulu. Shabaha ilikuwa watu walipe mikopo kwa simu, basi. Kumbe wateja wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Tena hesabu za simu na za Faulu zilisumbua kuoanisha. Wakubwa wakaamua: mikopo iwekwe kando, tusonge na kutuma pesa. Machi 2007 huduma ikafunguliwa nchi nzima, na mwaka haukuisha kabla ya wateja kupita milioni 1.

Sasa tuvuke mpaka. Mwaka 2010 Vodacom, pamoja na benki ya Nedbank, iliipeleka M-Pesa hiyo hiyo Afrika Kusini, ikitarajia wateja milioni 10. Kule watu wengi tayari walikuwa na akaunti za benki. Mwaka 2014 ikafufuliwa upya, wapi! Wateja walioitumia hasa walikuwa kama 76,000 tu, na tarehe 30 Juni 2016 ikafungwa. Jina lilikuwapo, ujuzi ulikuwapo, haja ndiyo haikuwapo. Mimi nawasifu kwa kufunga, ila walichelewa.

Na gari letu la Nyayo je? Rais Moi aliliagiza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986, na magari 5 ya majaribio yakaundwa. Yalitembea kweli. Lakini kuunda magari 5 si kuunda elfu, na pesa za kiwanda hazikupatikana. Swali gumu kama hilo huulizwa kwanza, si mwisho.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza, andika: nani atanunua, kiasi gani, kufikia lini, na hasara gani tunaweza kuivumilia. Andika mapema, kwa sababu ukishaipenda bidhaa yako utaisingizia mvua au barabara.

Hapa Taru mibuyu tunayo. Mama na wenzake wa chama wanapika mabuyu ya rangi na kuwauzia abiria wa barabara kuu. Mtaji wao ni shilingi 6,000, nazo ndizo za karo ya watoto wao, mimi nikiwemo. Tuliandikiana: wiki 4, na kila wiki ziuzwe pakiti 40, bila kuwahesabu majirani, maana jirani hununua kwa kuona haya. Zikipungua 40 wiki mbili, tunakoma na pesa iliyobaki inakwenda shuleni.

Mama aliniuliza, "Na zikiuzwa 39, mwanangu?" Nikamjibu tuliandika 40.

Daftari ninalishika mimi. Wiki ya kwanza ziliuzwa 52, ya pili 31. Ya tatu inaanza Jumatatu.