Patente na kodi ya soko: mji una haki gani juu ya kazi yetu?



Baada ya ibada, wamama wa soko hutujia mara nyingi na karatasi mkononi: "Pasta, hii ni kodi ya kweli?" Mmoja alikuwa na karatasi tatu za juma moja, zote kwa meza moja ya nyanya. Ya kwanza ilikuwa patente, ya pili kodi ya soko, na ya tatu ilikuwa na kiasi cha pesa na sahihi tu. Siku ile hatukuwa na jibu. Leo tunajaribu kueleza.

Mji unapata wapi nguvu ya kutoza kazi za watu? Katiba ya 2006, kifungu cha 3, inaupa mji, komini, sekta na sheferi uhuru wa kusimamia mali zao. Uhuru huo unahitaji pesa: takataka za soko ziondolewe, mitaro ifunguliwe, watumishi walipwe. Na kwa kuwa wengi wetu hatuna mshahara wa ofisi, kodi inatufuata pale tunapofanyia kazi: kwenye meza, kwenye cherehani, kwenye pikipiki.

Lakini nguvu hiyo ina mpaka. Kifungu cha 174 kinasema kodi huanzishwa na sheria tu. Kinasema pia ya kwamba kuchangia gharama za nchi ni wajibu wa kila anayeishi Kongo. Kisha Ordonansi-sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018 inatoa orodha ya kodi za mikoa na za miji. Mkubwa wa mji hawezi kubuni kodi asubuhi na kuitoza mchana.

Sasa turudi kwa mama yetu. Patente inatokana na sheria ya biashara ndogo ya tarehe 2 Agosti 1979. Ni ruhusa na kodi kwa pamoja: inamtambulisha mfanyabiashara, na inaingiza pesa. Duka kubwa lina njia nyingine, linaandikwa katika rejista ya biashara (RCCM). Kodi ya soko ni kitu kingine: inalipiwa nafasi unayotandika bidhaa. Kwa hiyo karatasi mbili za kwanza hazigongani. Kuwa na patente hakukuondolei kodi ya meza. Ni ile ya tatu iliyostahili maswali.

Maswali hayo ni manne, nayo yaulizwe kwa heshima. Kodi hii inaitwaje? Imeandikwa katika sheria gani? Kiasi chake kimewekwa na nani? Risiti yenye namba iko wapi? Ni vema kuuliza pamoja na kamati ya soko, si peke yako mbele ya mtu aliyekasirika.

Katika Luka 3, watoza ushuru walimwendea Yohana Mbatizaji wakitaka kujua wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasidai zaidi ya kiasi walichoagizwa. Neno hili linatugusa pande mbili. Anayekwepa kodi ya haki anamwachia jirani mzigo wake. Na anayetoza bila risiti anamnyang'anya mjane, hata kama Jumapili anaimba nasi katika kwaya.

Tunaomba kila parokia itenge jioni moja. Mwalikeni mtumishi wa komini aje na orodha ya kodi na viwango vyake, aisome mbele ya wote kwa lugha tunayoielewa. Wamama, wekeni risiti zenu zote katika mfuko mmoja. Na kama parokia ina duka, ianze yenyewe kuonyesha karatasi zake.

Mungu atupe kulipa kilicho haki, na ujasiri wa kuuliza juu ya kile tusichokielewa.