Fahamu: Leseni A ya CAF ni nini?

Gor Mahia wakipoteza mechi, kwenye matatu ya jioni kutoka Nairobi kila abiria ana kocha wake. Athi River linatajwa jina moja. Mkifika Kitengela yameshakuwa matano, na kondakta naye ana la kwake. La vyeti halimjii mtu.

Ni nini?

Ni cheti cha ukocha cha Shirikisho la Soka Afrika (CAF). Ngazi huanza D, zikapanda C, B, A, na juu kabisa Pro. Kocha mkuu wa klabu inayocheza mashindano ya CAF hutakiwa awe na A au cheti cha hadhi hiyo.

Kwa nini ni muhimu?

Waulize mashabiki wa Gor. Mwaka 2020 klabu ilimwajiri Mbrazili Roberto Oliveira, kisha CAF ikamkatalia kukaa kwenye benchi kwa sababu ya vyeti. Msaidizi wake, Samuel Omollo, ndiye aliyeiongoza timu kwenye Ligi ya Mabingwa. Jambo la kukagua kabla ya kutia sahihi, jamani.

Na nyota wa zamani anayetaka kuwa kocha?

Mabao yake hayahesabiwi. Naye hurudi darasani.