Je, Wajua? Bendi Hupigwa kwa Mguu

Je, wajua kwamba kisigino chaweza kuikata noti ya tarumbeta? Mpigaji akikanyaga kwa kishindo, mtikisiko hupanda muundi, hupita gotini na nyongani, hufika kifuani, na chombo hugonga midomo. Sauti huyumba. Anayesikiliza gwaride pale Uwanja wa Makadara, Mombasa, aweza kudhani kijana hajui chombo chake, kumbe hajui mguu wake. Vyombo hung'arishwa wiki nzima, sare hupigwa pasi hadi mikunjo ikate kidole, na mguu huachwa ujitafutie.

Dawa yake yajulikana. Kisigino hutangulia kugusa ardhi huku vidole vimeinuliwa juu, kisha uzito huviringika taratibu kupitia ukingo wa nje wa wayo mpaka chini ya vidole. Hilo likifanywa sawasawa, mabega hayapandi wala hayashuki, kana kwamba mtu anasukumwa juu ya magurudumu. Kinachowashinda wengi ni kule kuviinua vidole: kifundo cha mguu kikiwa kigumu, wayo hutua wote kwa pamoja, pwaa!

Je, wajua kwamba kurudi nyuma kuna sheria yake? Hapo mtu hutembea kwa sehemu ya mbele ya wayo, visigino vikiwa juu bila kugusa chini. Kazi yote huangukia misuli ya nyuma ya mguu, yaani shavu la mguu. Wataalamu wa tiba ya viungo wana kipimo kikongwe: simama kwa mguu mmoja, inua kisigino, shusha, rudia. Wanaotimiza mara 25 huhesabiwa wako sawa. Wajaribu wapiga ngoma wako kabla ya kuwalaumu.

Je, wajua kwamba kila mguu, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26? Miguu miwili ni 52, na mwili mzima wa mtu mzima una 206. Robo ya mifupa yako imo ndani ya viatu.

Je, wajua kwamba hatua ya gwaride la kijeshi la Uingereza, ambalo majeshi ya Kenya yalilirithi, ni inchi 30, yaani sentimita 76 hivi? Kwa mwendo wa hatua 120 kwa dakika, bendi hukata mita 91 kila dakika, na kilomita moja huhitaji hatua zaidi ya 1,300. Bendi za viwanjani za Marekani hupenda hatua fupi zaidi: nane katika yadi tano, ambayo ni kama sentimita 57. Nao wanajeshi wa Kikosi cha Kigeni cha Ufaransa hutembea hatua 88 tu kwa dakika, polepole hasa, na hakuna anayewacheka.

Mtoto wa darasa la tano akilazimishwa hatua ya sentimita 76, mguu hunyooka mno mbele na kisigino hupiga chini kama nyundo. Kwa maoni yangu, mwalimu wa bendi ya shule anayeng'ang'ania kipimo cha jeshi anajitafutia makelele. Hatua na ipunguzwe. Watazamaji huangalia kama miguu inashuka pamoja, si kama inafika mbali.

Je, wajua kwamba Mombasa ilianza kushindana kwa miguu kabla nchi haijaitwa Kenya? Beni, ngoma ya gwaride, ilizuka pwani hii katika miaka ya 1890. Vijana waliziangalia bendi za kijeshi na za misheni, wakachukua tarumbeta, ngoma kubwa, sare na vyeo, wakavitia katika mashindano ya mitaa ambayo pwani ilikuwa nayo tangu zamani. Mvita palikuwa na makundi kama Kingi na Skochi, na kila kundi lilikuwa na maofisa wake na mashabiki walioingia gharama kubwa ili wenzao wafedheheke. Mwanahistoria Terence Ranger aliuandikia mchezo huo kitabu kizima mwaka 1975. Wapo waliouona kuwa ni kuwaiga Wazungu tu. Mimi sioni hivyo. Mtu anayeiga hatafuti kumshinda jirani yake wa mtaa wa pili. Hawa walikuwa katika ugomvi wao wenyewe wa heshima, na gwaride lilikuwa silaha mpya. Beni ilisafiri hadi Tanganyika na kwingineko, na huko Unguja ingali hai: kundi la Mbwa Kachoka bado huvuta watu barabarani kwenye harusi na sherehe.

Nao akina mama hawakubaki madirishani. Vyama vya ngoma ya lelemama vya Mombasa, hasa Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa miaka mingi, na Margaret Strobel aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa mji huu.

Je, wajua kwamba Makadara ilizoea askari kabla ya beni? Wabulushi waliolinda Ngome ya Yesu kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar walijenga makazi yao kwenye mtaa huu, na vizazi vyao vipo hadi leo.

Je, wajua kwamba askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni lililoundwa mwaka 1902, walipiga gwaride miaka mingi bila viatu? Miguu mitupu, muundi umefungwa vitambaa, na mistari imenyooka. Mguu mtupu humwadhibu papo hapo anayekanyaga vibaya. Kiatu chenye soli nene humficha, halafu humlipisha baadaye.

Malipo hayo yana historia. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt alieleza uvimbe wa mguu uliowapata askari baada ya matembezi marefu, bila kujua chanzo chake. Baada ya eksirei kugunduliwa mwaka 1895, jibu lilionekana: ufa mwembamba kwenye mifupa mirefu iliyo nyuma ya vidole. Mpaka sasa waganga huuita mvunjiko wa gwaride. Haumpati mtu kwa pigo moja. Humpata aliyekaa miezi bila mazoezi, kisha Mfungo Sita ukakaribia, au sikukuu ya taifa, akakanyaga lami saa tatu kila jioni kwa juma zima. Mfupa huhitaji muda wa kujijenga. Maumivu yakiwa mahali pamoja panapogusika kwa ncha ya kidole, mpumzishe kijana huyo na umpeleke hospitali.

Je, wajua kwamba gwaride laweza kugeuza rangi ya mkojo? Mwaka 1881 Fleischer, daktari Mjerumani, alieleza kisa cha askari aliyekojoa mkojo mwekundu baada ya kutembea sana. Chembe nyekundu za damu zilikuwa zimepondwa ndani ya nyayo kwa kukanyaga ardhi ngumu. Kwa kawaida hali hiyo huondoka yenyewe, lakini mkojo mwekundu si wa kufanyiwa mzaha: muone daktari.

Je, wajua kwamba hatua za pamoja ziliwahi kuangusha daraja? Ni Broughton, karibu na Manchester, mwaka 1831. Askari kama sabini walivuka daraja la kuning'inia wakienda kwa hatua za pamoja, daraja likaitikia mwendo wao hadi likakatika. Tangu hapo jeshi la Uingereza huamuru askari wavuruge hatua wanapovuka. Wenye bendi za Kisauni wanaovuka daraja la Nyali kuja kisiwani wasihofu, daraja lile ni la zege, lakini ni kisa kizuri cha kuwasimulia watoto wakati wa mapumziko.

Je, wajua namna ya kupima ulaini wa kifundo bila chombo chochote? Vua viatu, elekea ukuta, weka mguu mmoja mbele, kisha kunja goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Rudisha mguu nyuma kidogo kidogo. Kidole gumba kikifika kama sentimita 10 kutoka ukutani na goti bado linagusa, kifundo chako hakina shida kubwa. Pima miguu yote miwili. Tofauti kubwa kati ya kulia na kushoto yafaa kushughulikiwa kuliko hesabu yenyewe.

Nyuma ya mguu kuna misuli miwili mikubwa. Mmoja huanzia juu ya goti, mwingine chini yake. Kwa hiyo kunyoosha kwa goti lililonyooka peke yake ni nusu ya kazi: rudia goti likiwa limekunjwa, sekunde 30 kila upande. Mji wa Kale umejaa vifaa. Ukingo wa baraza au kidato cha ngazi chatosha: simama kwa nusu ya mbele ya wayo, acha kisigino kishuke polepole chini ya usawa wa kidato, panda tena. Shikilia ukuta, ngazi za nyumba zile hazina huruma.

Kunyoosha huko kwa kutulia kufanywe baada ya mazoezi. Kabla ya gwaride, pasha miguu moto kwa mwendo: tembea kwa visigino, tembea kwa vidole, zungusha vifundo, bembeza mguu mbele na nyuma. Msuli ulionyooshwa kwa utulivu zaidi ya dakika moja hupoteza nguvu kidogo kwa muda, na hakuna anayetaka hilo litokee wakati mgeni wa heshima anakaribia.

Je, wajua kwamba leso ya mama ni kifaa cha mazoezi? Itandaze sakafuni, ikusanye kwa vidole vya mguu, iachie, rudia. Misuli midogo ya ndani ya wayo huamka. (Mwombe ruhusa kwanza, hasa ikiwa ni mpya.)

Je, wajua kwamba mtoto wa bendi anayelalamika kisigino huenda hadeki? Baina ya miaka 8 na 14 hivi, sehemu ya kisigino inayokua huvutwa na msuli wa nyuma uliokaza, ikauma. Daktari Sever wa Marekani alieleza hali hiyo mwaka 1912. Hupona mfupa ukikomaa. Kwa sasa punguza kuruka na kukanyaga, na umnyooshe shavu la mguu.

Je, wajua kwa nini watu huzimia wakiwa wamesimama tu? Shavu la mguu likikaza na kulegea husukuma damu irudi moyoni. Mtu akikaza magoti na kutulia juani, damu hujikusanya miguuni, ubongo hukosa, anaanguka. Jamhuri Dei huangukia Disemba, joto la Mombasa likiwa limeshapanda. Magoti yalegezwe kidogo, maji yanywewe mapema, na vidole vikunjwe na kukunjuliwa ndani ya kiatu, mahali ambapo hata mkaguzi mkali hafiki.

Na kiatu kipya cha gwaride kinunuliwe jioni, kwa kuwa mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Kijaribu ukiwa umevaa soksi zilezile za sare.