Umenunua SUV ya mtumba na unaishi pwani? Anza chini kabla ya kung'arisha juu

Gari imeshuka melini, ushuru umelipwa, namba imefungwa. Ni Prado, Harrier, RAV4 au X-Trail ya miaka kumi na ushee, lakini kwako wewe ni mpya. Shida ni sura tu: taa za mbele zimekuwa njano, plastiki za bampa zimepauka, boneti imefifia na milangoni kuna mikwaruzo.

Hapo ndipo wengi tunakimbilia rangi, rimu za spoti na polishi. Gari inatoka gereji inawaka, picha zinapanda status, watu wanakupongeza.

Kisha, kama unaishi Bunju, Mapinga, Kiromo au Bagamoyo mjini, siku moja unaona kitu kimevimba chini ya mlango, kama chunusi. Ukigusa kwa kucha, rangi inabanduka. Ndani kuna unga mwekundu.

Hiyo ni kutu, na pesa yako ya rangi ndiyo inaondoka nayo. Kwa gari ya pwani, kurudisha sura kunaanza mahali ambapo hakuna anayekusifia: chini ya gari.

Kwa nini pwani inakula gari

Chuma kinashika kutu kikikutana na maji na hewa ya oksijeni. Chumvi ikiingia hapo, kazi inakwenda mbio zaidi, kwa sababu maji yenye chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji matamu, na kutu kwa asili yake ni mchezo wa umeme mdogo kwenye chuma.

Kuna na la pili. Chumvi inavuta unyevu kutoka hewani. Ndiyo maana kopo la chumvi jikoni likiachwa wazi, chumvi inalowa. Kwenye gari ni vilevile: hata kama mvua haijanyesha wiki mbili, chuma chenye chumvi kinaweza kubaki na unyevu.

Na chumvi yenyewe inakuja bure. Mawimbi yakipasuka, matone madogo sana yanapanda hewani na upepo unayasukuma nchi kavu. Kwa pwani yetu, kaskazi na kusi zote zinatokea upande wa baharini. Kwa hiyo gari iliyolala nje karibu na ufukwe inapokea chumvi karibu mwaka mzima, hata kama hujawahi kuipeleka mchangani.

Huenda ilikuja na kutu kutoka Japani

Magari mengi yaliyotumika tunayonunua Tanzania yanatoka Japani. Wengi tunadhani gari ya Japani lazima iwe safi. Si lazima.

Maeneo ya kaskazini mwa nchi hiyo, kama Hokkaido na Tohoku, yana theluji nyingi, na wakati wa baridi barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Gari iliyoishi huko inaweza kuwa na bodi inayong'aa juu na chini ikawa imeshaanza kuliwa. Ukiileta Bagamoyo, unaitoa kwenye chumvi moja na kuipeleka kwenye nyingine.

Na usidhani jina kubwa linakinga. Mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza kesi nchini Marekani kuhusu kutu ya chasisi kwenye Tacoma, Tundra na Sequoia, makubaliano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Kama chasisi za magari hayo zilioza, yako nayo inastahili kukaguliwa.

Hatua ya 1: Ione tumbo lake

Kabla ya kulipa fundi yeyote wa rangi, peleka gari kwenye gereji yenye shimo au lifti. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Jeki ikiteleza, hakuna wa kulaumiwa.

Angalia sehemu hizi:

- Ndani ya madigadi, juu ya tairi, ambako matope yanaganda.
- Ukingo wa chini wa milango na mlango wa nyuma.
- Kizingiti cha chini ya milango, kile unachokanyaga ukipanda.
- Chini ya kapeti na pale panapokaa tairi la spea.
- Bomba za breki. Hizi ni nyembamba, zikiliwa unaweza kupoteza breki.

Gonga taratibu kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu na kudondosha magamba.

Juu ya bodi, tumia sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini. Mahali ambapo paneli ya chuma haishiki sumaku, huenda puti imejazwa nene kuficha kilichopo. Angalizo: bampa ni plastiki, na baadhi ya magari yana boneti ya aluminiamu, kwa hiyo hapo sumaku haitashika hata kama hakuna tatizo.

Jua pia aina ya gari yako. Prado imekaa juu ya chasisi kama lori dogo. RAV4, Harrier na X-Trail hazina chasisi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo inabeba kila kitu. Kwa hiyo tundu la kutu kwenye kizingiti cha RAV4 si suala la urembo tena. Ni sehemu ya mifupa ya gari, na ndiyo inayokulinda ukigongwa ubavuni.

Hatua ya 2: Osha kwa maji matamu

Hapa ndipo watu wa pwani tunajikwaa bila kujua. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi. Ukimpelekea gari muosha magari anayetumia maji ya kisima cha namna hiyo, unalipa pesa ili gari ipakwe chumvi upya.

Uliza maji yanatoka wapi. Dalili rahisi ni sabuni: ikikataa kutoa povu, kuwa na wasiwasi. Maji ya bomba ni salama zaidi, na kwa bahati mtambo wa Ruvu Chini unaohudumia ukanda huu uko hukuhuku Bagamoyo. Kama huna njia, basi walau suuza ya mwisho, hasa ya chini ya gari, iwe ya maji ya bomba au ya mvua uliyoyakinga.

Mwambie muoshaji aelekeze pampu ya presha ndani ya madigadi na kwenye tumbo la gari. Chini ya milango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Vizibue. Vikiziba, maji yanakaa ndani ya mlango na kuuozesha kuanzia ndani.

Na sabuni ya unga ya kufulia iache nyumbani. Inaondoa waksi inayolinda rangi. Tumia shampuu ya magari.

Hatua ya 3: Toa kutu, usiifunike

Utasikia, "Bosi, hii tunapiga andakoti tu, inaisha." Haiishi. Andakoti ikipakwa juu ya kutu inafungia unyevu ndani, na chuma kinaendelea kuoza gizani huku wewe unaona weusi unaong'aa.

Utaratibu unaofaa ni huu:

1. Kwangua kutu kwa brashi ya waya na msasa mkavu mpaka chuma cheupe kionekane.
2. Kwenye vijishimo ambako msasa haufiki, paka dawa ya kubadilisha kutu. Inaigeuza kuwa tabaka jeusi lililotulia.
3. Suuza kama maelekezo ya dawa yanavyosema, kausha kabisa.
4. Paka praima ya epoksi siku hiyohiyo. Kwa hewa yetu, chuma kilichoachwa wazi usiku mmoja kinaweza kuamka na wekundu.
5. Paka rangi, kisha andakoti, na ndani ya sehemu zenye uwazi kama vizingiti puliza waksi ya kuzuia kutu.

Palipotoboka, panakatwa na kuchomelewa bati jipya. Puti haizibi tundu la kutu, inalificha tu. Fundi akianza kuchomelea, hakikisha ametoa waya za betri kwanza, la sivyo anaweza kuunguza vifaa vya umeme vya gari.

Vipi kuhusu oili chafu? Wapo wanaoipaka chini ya gari kama kinga. Inasaidia kidogo kwa muda, lakini inaharibu mipira na bushi, ikifika kwenye breki ni hatari, na mvua ikinyesha inaishia kwenye udongo na visima vyetu.

Wala wazo hili si geni pwani. Wenye majahazi wana desturi ya kukipandisha chombo ufukweni, kulisafisha tumbo lake na kulipaka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Chombo kinatunzwa kuanzia chini. Gari nayo ndiyo hivyo.

Hatua ya 4: Sasa njoo kwenye sura

*Taa za mbele.* Kioo cha taa si kioo, ni plastiki ngumu ya polikaboneti yenye tabaka la kuikinga na jua. Tabaka hilo likifa, taa inakuwa njano, na usiku huoni vizuri. Dawa ya meno inang'arisha, ila haina kinga ya jua, hivyo ukungu unarudi. Njia ya kudumu: piga msasa wa maji kuanzia namba 800, kisha 1500, kisha 2000 na 3000, piga polishi, malizia na klia yenye kinga ya jua. Ukiruka hiyo klia, kazi yote ni bure.

*Rangi.* Kuna rangi iliyochoka na kuna rangi iliyokufa. Ikiwa imefifia tu lakini ni laini, polishi ya kukata na waksi vinaweza kuirudisha. Ikiwa klia inabanduka kama ngozi iliyoungua jua, mara nyingi juu ya paa na boneti, polishi haisaidii. Hapo ni kupiga msasa na kupuliza upya. Usikubali kuuziwa polishi ya pesa nyingi kwa rangi iliyokufa.

Ukiamua kubadilisha rangi kabisa, kumbuka kadi ya gari inaonyesha rangi. Taarifa inatakiwa kurekebishwa TRA, vinginevyo kadi itasema fedha na gari itasema nyeusi.

*Plastiki nyeusi.* Mafuta ya mgando yanazing'arisha kwa muda mfupi, kisha yanashika vumbi. Tafuta dawa maalumu ya plastiki za nje.

*Ndani.* Gari iliyofungwa muda mrefu melini na yadi inanuka ukungu. Usipambane na harufu kwa pafyumu. Toa kapeti, osha, anika juani mpaka ikauke kabisa, badilisha filta ya AC. Ukiwa umeinua kapeti, ndiyo nafasi yako ya kuona sakafu ya chuma ikoje.

Ikishapendeza, ilinde

Ukitoka soko la samaki Bagamoyo, weka samaki kwenye ndoo yenye mfuniko au beseni. Maji ya samaki na barafu yakichuruzika kwenye buti yanapita chini ya kapeti na kukaa hapo. Harufu utaisikia, kutu hutaisikia.

Kinyesi cha kunguru kina asidi, kitoe mapema kwa maji kabla jua halijakioka kwenye rangi. Utomvu wa mwembe na mkorosho nao unaacha alama, kwa hiyo kivuli chagua kwa macho.

Osha tumbo la gari angalau mara mbili kwa mwezi kama unalala karibu na bahari, na siku hiyohiyo kama umeendesha mchangani. Weka waksi kila miezi mitatu hivi. Kabla ya masika na baada yake, rudi kwenye shimo la gereji ukatazame tena.

Na kama pesa inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, basi iende chini. Boneti iliyofifia itakusubiri mpaka mwaka ujao bila neno. Kutu ya kwenye kizingiti haisubiri, na siku ukitaka kuiuza gari, mnunuzi mjanja wa pwani ataanza kuinama kabla hajaangalia rimu zako.