Injini ya kukata nyasi inapobeba mtu angani

MASHABIKI wengi wa soka wanaikumbuka Juni 15, 2021. Ufaransa na Ujerumani zinajiandaa kuanza mechi ya Euro pale Munich, ghafla jamaa anashuka uwanjani na parachuti yenye mota mgongoni. Mwanaharakati huyo wa Greenpeace aligonga nyaya za juu ya uwanja, vipande vikaangukia watu na wawili wakapelekwa hospitali. Mechi ikapigwa, Mats Hummels akajifunga, Ujerumani ikalala 1-0.

Greenpeace ilieleza kuwa mota iligoma kuongeza nguvu. Ile ilikuwa ya umeme. Ila paramota nyingi zinakula petroli, na injini zake ni ndugu wa damu wa zile mashine za kukata nyasi zinazonguruma viwanjani Temeke na Kinondoni: injini za mipigo miwili.

Kwa nini hizo? Ni nyepesi na zina nguvu. Moster 185 ya Italia, cc 185 tu, inatoa hadi nguvu farasi 25. Bodaboda ya cc 150 inatoa kama 12. Siri ni kwamba mipigo miwili inawaka kila mzunguko, wakati ya bodaboda inawaka mara moja katika mizunguko miwili.

Sasa njoo kwenye gharama yake. Injini hii haihifadhi oili tumboni. Oili inachanganywa na petroli, mara nyingi mililita 100 kwa lita tano. Ukisahau, pistoni inanata, injini inazima. Mkata nyasi wa Mbagala akikosea, anakaa kivulini na kumpigia fundi. Rubani hana kivuli cha kukaa.

Itazame Rotax 582, mipigo miwili ya ndege ndogo. Inashushwa na kusukwa upya kila baada ya saa 300, yaani mechi 200 za dakika 90. Mwenzake wa mipigo minne, Rotax 912 za sasa, anafika saa 2,000, mechi zaidi ya 1,300. Na kitabu cha 582 chenyewe kinaonya kuwa injini inaweza kuzima muda wowote.

Ndiyo maana rubani makini anaruka huku jicho liko kwenye sehemu ya kutua, kama beki anayemwangalia kipa kabla ya kurudisha mpira. Injini ikizima, bawa linaendelea kuelea, anashuka taratibu kwenye eneo tupu. Lakini chini kukiwa na watu 60,000, kama Kwa Mkapa siku ya Simba na Yanga, eneo hilo halipo.